Homa Isiyosubiri: Bandama, Selimundu na Vifo Vinavyozuilika

Hoja ninayoileta mbele yenu ni moja. Mtu ambaye bandama lake halifanyi kazi, awe mtoto mwenye selimundu au mtu mzima aliyepasuliwa baada ya ajali, anaweza kuamka mzima asubuhi, akashikwa na homa adhuhuri, akawa mahututi kabla ya usiku wa manane. Vifo vya namna hii kwa sehemu kubwa vinazuilika, na vinazuilika kwa vidonge vya bei nafuu, kwa chanjo ambazo nyingine tayari ziko katika kliniki zetu, na kwa sindano ya antibiotiki isiyocheleweshwa. Hata hivyo, zana hizi zote hazifai kitu iwapo mtu huyo hajulikani. Lazima yeye mwenyewe, walezi wake na mganga wa zahanati iliyo jirani wawe wanajua hali yake kabla homa haijafika. Nitajenga hoja kwamba hapo ndipo Afrika Mashariki inapopoteza maisha ya watu, na nitazijibu pingamizi zinazotolewa mara kwa mara na watu makini, kwa sababu pingamizi hizo zimechelewesha mambo kuliko ukosefu wa dawa.

Bandama, ambalo wengine huliita wengu, limekaa juu upande wa kushoto wa tumbo, nyuma ya mbavu. Kwa mtu mzima linatoshana na ngumi na lina uzito wa gramu 150 hivi. Damu inayopita humo hulazimika kupenya mianya myembamba iliyozungukwa na seli za ulinzi, na seli hizo humeza chembe nyekundu zilizochakaa, vimelea vya malaria na bakteria. Bakteria wengi wanaoingia katika damu hukamatwa na ini. Kazi iliyo ngumu zaidi hubaki kwa bandama, nayo ni kuwakamata bakteria waliovikwa ganda la sukari. Ganda hilo huzifanya seli za ulinzi zishindwe kuwashika hadi wawe wamegandwa na kingamwili. Ndani ya bandama mna seli za pekee zinazotengeneza upesi kingamwili dhidi ya maganda ya aina hiyo, hata pale ambapo mwili haujawahi kukutana na bakteria anayehusika. Kwa hiyo mtu anapokosa bandama hupata hasara mbili kwa mpigo: anakosa mahali pa kuchujia damu na anakosa mahali pa kutengenezea kingamwili za haraka. Bakteria wanaonufaika zaidi na pengo hilo ni watatu. Wa kwanza ni nimokokasi, anayejulikana zaidi kwa kuleta nimonia. Wa pili ni Hemofilasi influenza aina ya b, anayeitwa Hib. Wa tatu ni meningokokasi, mmojawapo wa wanaosababisha homa ya uti wa mgongo. Nimokokasi huishi puani mwa watoto wengi wenye afya bila kuwadhuru. Kwa mtoto asiye na bandama, bakteria huyo huyo anaweza kuijaza damu kwa muda wa saa chache, na hapo hufuata kushuka kwa shinikizo la damu, damu kuganda ndani ya mishipa midogo, figo kushindwa, na kifo. Kwa waliowahi kuondolewa bandama, maambukizi haya yakishapamba moto huua karibu nusu ya wanaoyapata, hata wakiwa hospitalini.

Maarifa haya hayakuja kwa siku moja. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba bandama ni kiungo ambacho mtu anaweza kuishi bila kukihitaji, kwa sababu aliyeondolewa aliinuka kitandani, akarudi kazini na hakuonyesha dosari yoyote. Mwaka 1919 Morris na Bullock, waliokuwa wakifanya majaribio kwa panya huko Marekani, walionyesha kwamba panya walioondolewa bandama walishindwa kustahimili maambukizi ambayo wenzao waliyastahimili, nao wakaonya kwamba huenda binadamu naye yuko hivyo. Onyo hilo halikutiliwa maanani. Mwaka 1952, King na Shumacker, madaktari wa upasuaji huko huko Marekani, walitoa taarifa ya watoto wachanga watano waliokuwa wameondolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu wa kurithi. Watoto hao walipatwa na maambukizi makali, kukiwamo vifo. Kuanzia hapo fani ya upasuaji ilianza kubadilika. Funzo la historia hii ni kwamba madhara ya kukosa bandama hayaonekani siku ya kawaida. Yanaonekana siku moja tu, na siku hiyo mara nyingi huwa ya mwisho. Ndiyo maana ushahidi wa macho, ule wa kusema kwamba fulani hana bandama na mbona yu mzima, haufai kutumiwa kama hoja.

Katika eneo letu, wengi wa wasio na bandama linalofanya kazi hawajawahi kupasuliwa. Ni watoto wenye selimundu, ambao majumbani huitwa watoto wa sikoseli. Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wa aina hii kila mwaka, na ukanda wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda, Kenya na Tanzania, ni miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Chembe zao nyekundu hujikunja na kuwa ngumu pale oksijeni inapopungua, na mianya ya bandama ni mahali ambapo damu hupita polepole na oksijeni ni haba. Chembe hizo hukwama humo, mishipa midogo huziba, na nyama ya bandama hufa kidogo kidogo. Katika miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na aina ya himoglobini aliyozaliwa nayo. Himoglobini hiyo inapopungua, uharibifu huanza, na watoto wengi huwa wamepungukiwa na kazi ya bandama kabla hawajatimiza mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1969 Howard Pearson na wenzake huko Marekani walionyesha jambo linalopaswa kubandikwa katika kila chumba cha kliniki ya watoto. Waliwapiga watoto wa selimundu picha kwa kutumia dawa yenye mnururisho ambayo bandama zima huifyonza, na bandama ambalo mkono wa daktari ulilipapasa likiwa kubwa chini ya mbavu halikuonekana kabisa kwenye picha. Lilikuwapo, lilikuwa limevimba, na lilikuwa halifanyi kazi. Kwa hiyo mtu yeyote asidhani kwamba bandama linaloshikika kwa mkono ni bandama linalolinda.

Je, kuna ushahidi kwamba tukimjua mtoto huyu tunaweza kumwokoa? Upo, na ni wa kiwango cha juu kabisa. Huko Marekani watoto 215 wenye selimundu, walioingizwa katika utafiti wakiwa na umri wa kati ya miezi 3 na miaka 3, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa penisilini ya kunywa, miligramu 125 asubuhi na jioni, na kundi la pili lilipewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Kati ya watoto 110 wasiopewa dawa, 13 walipata nimokokasi katika damu na 3 kati yao walikufa. Kati ya 105 waliopewa penisilini, waliopata ni 2 na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 84, na utafiti ukasimamishwa miezi 8 kabla ya wakati wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima dawa wale wa kundi la pili. Watafiti hao waliongeza pendekezo ambalo mara nyingi husahaulika: watoto wapimwe wakiwa wachanga, ili dawa ianze kabla ya mwezi wa nne. Dawa na upimaji vilikuja pamoja tangu siku ya kwanza, kwa kuwa huwezi kumkinga mtoto ambaye hujamjua.

Pingamizi la kwanza lilitoka hapa hapa nyumbani, nalo lilikuwa na uzito. Mwaka 2007 watafiti wa Kampala walichapisha matokeo ya watoto wenye selimundu waliotibiwa katika hospitali ya Mulago, ambapo nimokokasi alipatikana kwa nadra katika damu yao, na bakteria wengine, hasa stafilokokasi, ndio walioongoza. Waliuliza kama kuna sababu ya kuiga kinga ya nimokokasi iliyobuniwa kwa ajili ya Marekani. Swali hilo lilikuwa la haki, na jibu lake lilipatikana Kilifi, katika pwani ya Kenya. Hapo kila mtoto aliyelazwa alipimwa damu ili kuotesha bakteria, na kazi hiyo ilifanyika kwa miaka kadhaa mfululizo bila kumsubiri daktari ashuku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mtoto mwenye selimundu alikuwa na uwezekano wa kupata bakteria katika damu unaokaribia mara 26 ya mtoto asiye nayo, na kwamba nimokokasi aliongoza kwa asilimia 41, akifuatiwa na bakteria aitwaye salmonela kwa asilimia 18 na Hib kwa asilimia 12. Tofauti hiyo inaweza kuelezwa. Kliniki ya rufaa huwahudumia watoto waliokwisha kujulikana, yaani waliopona miaka ya hatari zaidi. Aliyeuawa na nimokokasi akiwa na miezi 9 kijijini hakuwahi kufika kliniki, na kwa hiyo hayumo katika hesabu. Isitoshe, watoto wengi hufika hospitalini wakiwa wameshameza antibiotiki ya duka la dawa, na nimokokasi ni bakteria anayefishwa kwa urahisi na dawa hizo kabla maabara haijamwotesha. Kutoonekana kwake katika chupa ya maabara si ushahidi kwamba hakuua. Takwimu za hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zinaelekea upande huo huo: katika ufuatiliaji wa wagonjwa wa selimundu ulioanza mwaka 2004, vifo vilikuwa 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji kwa kundi zima, lakini kwa walio chini ya miaka 5 vilifika 7.3.

Pingamizi la pili linasema kwamba mambo yamebadilika kwa sababu sasa tuna chanjo. Kweli yamebadilika, na ni jambo la kujivunia. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001 na ya nimokokasi mwaka 2011, na Tanzania ilifuata kwa Hib mwaka 2009 na nimokokasi mwaka 2013. Huko Kilifi, kwa watoto wa chini ya miaka 5, ugonjwa mkali unaoletwa na aina za nimokokasi zilizomo katika chanjo ulipungua kwa asilimia 92. Lakini aina za nimokokasi zinazojulikana ni zaidi ya 90, na chanjo hizo zilikuwa na aina 10 Kenya na 13 Tanzania. Mtoto wa kawaida akikutana na aina iliyobaki ana bandama la kumsaidia, ilhali mtoto wa selimundu hana. Chanjo imepunguza idadi ya maadui na haikurudisha kiungo kilichopotea. Zaidi ya hayo, chanjo za nimokokasi na Hib haziwezi kumzuia salmonela, na penisilini ya kunywa nayo haimzuii. Ukweli huu unatufundisha kwamba zana zetu zinafanya kazi pamoja, kila moja ikifunika upungufu wa nyingine: chanjo hupunguza aina za bakteria, penisilini hulinda miaka ya hatari zaidi, na kwa wale watakaopita katikati ya hizo mbili, inabaki kasi ya kuitibu homa.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la tatu, ambalo ni la wahudumu wenyewe. Wanauliza: katika nchi ya malaria, ambako kila mtoto hupata homa mara kadhaa kwa mwaka, tutamchoma sindano kila anayechemka? Tutazame kinachotokea. Mama anafika zahanati na mtoto mwenye joto la digrii 39. Mhudumu anamtoboa kidole, anadondosha tone la damu kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika 15 mistari miwili inajitokeza. Malaria imeonekana, dawa ya mseto inaandikwa, na mama anarudi nyumbani akiwa na imani kwamba chanzo kimepatikana. Kwa mtoto mwenye bandama zima, uamuzi huo kwa kawaida unatosha. Kwa mtoto wa selimundu hautoshi, kwa sababu mistari miwili inathibitisha malaria bila kukanusha bakteria. Vimelea na bakteria vinaweza kuwa katika damu moja, na salmonela hupenda kuandamana na malaria. Mtoto huyo anahitaji mseto wake, na papo hapo anahitaji sindano ya antibiotiki iitwayo seftriaksoni na rufaa, bila kungoja majibu ya maabara yanayochukua siku mbili au zaidi, kwa maana ugonjwa wenyewe unaweza kumaliza kazi yake katika siku moja. Hatusemi kwamba kila homa itibiwe hivyo. Tunasema homa ya kundi dogo, linaloweza kuandikwa kwa majina katika rejesta ya kila zahanati, itibiwe hivyo. Kadiri tunavyowajua watu hao kwa uhakika, ndivyo tunavyowaepusha wengine wote na antibiotiki wasizozihitaji.

Jibu hilo linagusa pingamizi la nne, la usugu wa dawa. Ni kweli kwamba penisilini inayomezwa kila siku kwa miaka huwapa bakteria nafasi ya kuizoea, na hakuna anayejali afya ya umma atakayelipuuza jambo hilo. Lakini tuipime hofu hiyo kwa mizani ya haki. Penisilini kwa watoto wa selimundu ni dawa moja kwa kundi linalojulikana, kwa sababu iliyothibitishwa, na kwa muda wenye kikomo. Utafiti wa pili huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba mtoto anayepata huduma kamili, aliyechanjwa, ambaye hajawahi kupata maambukizi makali ya nimokokasi wala kuondolewa bandama, anaweza kuiacha dawa akifikisha miaka 5. Usugu unaotutisha leo haukujengwa na watoto hawa. Umejengwa na vidonge vinavyouzwa nusu dozi madukani kwa mafua, na hatuwezi kulipia deni hilo kwa kuwanyima kinga wale wanaoihitaji kuliko wote.

Hatuwezi kuwasahau watu wazima. Ajali za pikipiki zimefanya kupasuka kwa bandama kuwa jambo ambalo kila chumba cha upasuaji cha wilaya kinalifahamu. Daktari anapoweza kuzuia damu bila kuliondoa, na kumchunga mgonjwa kwa karibu, hiyo ndiyo njia bora. Asipoweza, kuliondoa ni kuokoa maisha, na hakuna wa kumlaumu. Lawama inaanza siku ya kuruhusiwa. Kijana anatoka na karatasi yenye maandishi ya kidaktari asiyoyaelewa, na akiulizwa nyumbani anasema alipasuliwa tumbo. Haambiwi kwamba hatari ya maambukizi makali atakuwa nayo maisha yake yote, ingawa miaka miwili hadi mitatu ya kwanza ndiyo mibaya zaidi. Haambiwi kuhusu chanjo za nimokokasi, Hib na meningokokasi, ambazo zinapaswa kutolewa wiki mbili kabla ya upasuaji uliopangwa, au kuanzia wiki mbili baada ya upasuaji wa dharura. Haambiwi kwamba akiumwa na mbwa asikae nyumbani, kwa sababu mate ya mbwa yana bakteria anayeweza kumuua mtu asiye na bandama. Sentensi tatu za Kiswahili katika kadi ya kuweka mfukoni zingeyasema yote hayo.

Vivyo hivyo kwa walezi wa watoto. Yuko anayedhani kwamba kumkabidhi mama maarifa mazito namna hii ni kumtia hofu bure. Jamaika ilitoa jibu katika miaka ya 1980: akina mama wa watoto wenye selimundu walifundishwa kupapasa tumbo la mtoto kila siku, kwa vidole, chini ya mbavu za kushoto, ili watambue bandama likivimba ghafla na kunyonya damu ya mwili, ambayo ni dharura nyingine ya kiungo hiki. Vifo vitokanavyo na dharura hiyo vilipungua sana. Mama anayeweza kupima uvimbe kwa vidole anaweza pia kusoma kipimajoto, na kujua kwamba digrii 38.5 usiku wa manane ni sababu ya kumwamsha jirani mwenye gari bila kungoja kupambazuke. Zaidi ya kinga hizi, kuna haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu yenyewe. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioimeza walipungukiwa na maumivu, malaria na maambukizi mengine, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji. Nayo pia inamfikia tu aliyekwisha kutambuliwa.

Kwa hiyo hoja inarudi pale pale kila tunapoifuata: penisilini, sindano, kadi na haidroksiyurea vyote vinasubiri jina la mtu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba upimaji wa selimundu kwa watoto wachanga usiwe mradi wa hospitali chache za mjini. Vipimo vya tone moja la damu vinavyotoa jibu papo hapo vipo, na mtoto hufikishwa kliniki kwa chanjo ndani ya wiki za mwanzo, kwa hiyo mkono wa mhudumu tayari unamshika. Mikoa yenye selimundu nyingi, kuanzia ukanda wa Ziwa hadi Pwani, ianze bila kungoja nchi nzima iwe tayari. Daftari la kliniki la mtoto aliyetambuliwa liwe na alama juu ya jalada, penisilini ihesabiwe miongoni mwa dawa ambazo zahanati hairuhusiwi kuishiwa, na mwongozo wa homa useme waziwazi kwamba mtoto huyu hutibiwa malaria na bakteria kwa pamoja. Kila hospitali inayoondoa bandama iwajibike kwa kadi na chanjo za mgonjwa wake. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji uvumbuzi mpya. Utafiti wa 1986 ulisimamishwa mapema kwa sababu kuendelea kuwanyima watoto kidonge kulionekana kuwa dhuluma. Kama ilikuwa dhuluma kwa watoto 110 ndani ya utafiti, haiwezi kuwa halali kwa maelfu wanaozaliwa kila mwaka hapa kwetu nje ya utafiti wowote, na wizara zetu za afya, vyuo vyetu na sisi tunaopiga kura na kulipa kodi tunapaswa kuihesabu hivyo.